Mnauliza, Tunajibu: Tanga la Kuweka na Kuondoa

SWALI: Nina mashua ya mbao ya mita 6, upana mita 1.5, yenye injini ya nguvu farasi 15. Petroli inanimaliza. Nataka tanga la kunirudisha ufuoni alasiri, lakini liwe la kuondolewa, maana usiku mlingoti utanizuilia nyavu. Nianzie wapi? (Mvuvi, Dunga, Kisumu)

JIBU: Upepo wa Ghuba ya Winam unakupendelea. Usiku hadi asubuhi huvuma kutoka nchi kavu, tena polepole. Alasiri hugeuka ukatoka ziwani kuelekea Kisumu, na hapo huwa na nguvu. Kwa hiyo unarudi na upepo wa kisogoni, na huo hauhitaji tanga kubwa. Mita za mraba 5 na nusu zinakutosha. Anayekushauri uweke 10 anafikiria upepo wa saa nne asubuhi.

Liache tanga la pembe tatu. Foromali yake, yaani mti wa juu unaobeba tanga, hukaribia urefu wa mashua, na ukiishusha itakosa pa kulala. Shona la pembe nne, lenye foromali juu na mti mwembamba chini, linaloning'inia kwa kamba moja: ukiiachia, tanga lote linaanguka ndani ya mashua. Ukingo wa chini uwe mita 2.4, wa mbele 1.5, wa juu 2.7, wa nyuma 3.8. Pima pia mshazari, kutoka kona ya chini mbele hadi kona ya juu nyuma. Usipotimia mita 4, umbo litapinda hata kama kingo zote ziko sawa. Turubai la mita 3 kwa 4 litatoa tanga zima bila kiraka.

Ukingo wa juu uukate ukiwa umebinuka nje sentimita 5 katikati. Ukiufunga kwenye foromali iliyonyooka, kitambaa hicho cha ziada huingia ndani ya tanga na kulifanya litune kama kifua. Wa nyuma ukate moja kwa moja. Ukibinuka utapigapiga safari nzima. Kunja pindo la sentimita 4, upitishe kamba ya milimita 6 ndani, kisha gonga macho ya chuma, yaani pete za kupitishia kamba, kila sentimita 30. Sentimita 70 juu ya ukingo wa chini panga mstari mwingine wa macho: hapo ndipo utakapofunga upepo ukizidi, libaki mita 4 za mraba.

Mlingoti ni mkaratusi uliokauka, mita 3.2, kipenyo sentimita 7.5 pale unapopenya ubao wa kukalia, ukipungua hadi 5 kileleni. Foromali iwe mita 2.9 na mti wa chini 2.6, unene wa sentimita 4.

Kazi ngumu iko kwenye kitako. Mlingoti huu hauna kamba za kuushikilia. Unashikwa chini na kwenye ubao wa kukalia tu, na nafasi kati ya sehemu hizo mbili isipungue sentimita 45. Chonga gogo la mbao ngumu, sentimita 40 kwa 15, unene 8, lenye tundu la kina cha 5 na mfereji mdogo wa kutoa maji, kwa sababu maji yakituama hapo gogo litaoza. Lifunge kwa bolti juu ya mkuku, yaani uti wa mgongo wa mashua, kamwe si juu ya ubao wa chini peke yake. Upepo ukishika tanga, mlingoti hufanya kazi ya mtaimbo: kilele kinasukumwa mbele, kitako kinasukuma nyuma, na mashua iliyopigwa misumari tu hufunguka viungo. Ubao wa kukalia nao uwe na unene wa sentimita 4, ufungwe kwa bolti kwenye mataruma, yaani mbavu za mashua, ya pande zote mbili. Tundu lake liwe mita 1.9 kutoka puani.

Jarari, yaani kamba ya kutweka, ni ya milimita 8. Ifunge kwenye foromali sentimita 80 kutoka ncha ya mbele, uipitishe kwenye kapi, yaani gurudumu la kamba, kileleni. Zungusha kitanzi kinachoishika foromali karibu na mlingoti. Ncha ya mti wa chini itangulie mlingoti kwa sentimita 50, na hapo vinapokutana funga kamba ya kuvuta chini. Kamba hii ndiyo wengi huidharau. Ukiona mkunjo kutoka kona ya juu mbele kwenda kona ya chini nyuma, bado hujaikaza.

Demani, kamba ya kona ya nyuma, iwe mita 7, unene milimita 10 isikukate kiganja. Usiipige fundo hata siku moja, ishike mkononi. Upepo wa kilomita 18 kwa saa husukuma tanga hili kwa uzito wa kama kilo 10. Ukifika 36, ni kilo 40. Wingu jeusi likisimama, shusha tanga kwanza, mengine baadaye. Jaketi za kujiokoa zivaliwe, zisikaliwe.

SWALI: Nilifunga tanga la mita za mraba 6. Upepo ukiwa nyuma mashua inakwenda vizuri, ukija ubavuni inateleza kando, na pua inageukia upepo. Nipunguze tanga? (Msomaji, Asembo)

JIBU: Tanga halina kosa. Mashua haina cha kushika maji. Tengeneza ubao wa ubavuni wa plaiwudi ya milimita 25, upana sentimita 35, urefu mita 1.3, na sentimita 70 zizame. Uning'inize kwa bolti moja nene kwenye ukingo wa mashua, upande upepo unakoelekea, uweze kuinuka ukikutana na gugumaji. Uanze chini ya katikati ya tanga, kisha urekebishe: pua ikiendelea kuelekea upepo, sogeza ubao nyuma sentimita 10, ikikimbia upepo, sogeza mbele. Inua propela pia, kwani inakula mwendo. Injini iliyozimwa haiongozi mashua vizuri, kwa hiyo shika kasia refu nyuma.

SWALI: Magunia ya sukari yaliyoshonwa pamoja yanaweza kuwa tanga? (Msomaji, Naivasha)

JIBU: Kwa upepo wa nyuma, ndiyo. Ukitoka ubavuni hupenya katikati ya nyuzi na nguvu inapotea. Jua huyafanya yavunjike kama karatasi, kwa hiyo yakunje na kuyafunika kila ukifika. Tumia uzi wa poliesta, mishono miwili sambamba. Uzi wa pamba utaoza kabla ya gunia.