Mada imemliza mwanafunzi wangu. Niache mada nzito?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule ya kata huku Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, wanafunzi 68 darasa moja. Muhula uliopita niliwapa mradi wa wiki nne: kila kundi lichague suala linalogawa watu, litafute taarifa, liandike insha ya kushawishi na kuisoma mbele ya wenzao. Kundi moja lilichukua uvuvi haramu. Msomaji wao akasema wanaovua kwa timba (nyavu za uzi wa plastiki) na makokoro (nyavu za kukokota) ni wezi wa vizazi vijavyo, nyavu zao zichomwe zote. Kijana mmoja akainamia dawati akalia. Baba yake alichomewa nyavu. Kesho yake mzazi alifika shuleni kwa hasira. Sasa mkuu wa shule ananishauri nirudi kwenye mada kama "maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini". Nikubali? Na nikiendelea, nichague mada vipi, nisahihishe vipi bila upendeleo, na nikiulizwa msimamo wangu nijibu nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Pole kwa siku ile, na pole zaidi kwa kijana yule.

Usirudi kwenye kijiji na mji. Mada ile inamfaa mtoto wa kidato cha kwanza anayejifunza kusimama mbele za watu bila kutetemeka, lakini haimgharimu mtu chochote. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye mdahalo ule akarudi nyumbani akiwa na jambo la kuwaza. Watoto wako wanaishi kando ya ziwa, habari za nyavu wanazisikia kila jioni nyumbani. Tukilifungia suala hilo nje ya darasa, watakwenda kulibishania mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, na kule mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Mada yako haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye swali. "Wanaovua kwa timba ni wezi" ni hukumu juu ya watu, na mtoto wa mmoja wa watu hao alikuwa amekaa palepale akisikiliza. Insha ya kushawishi ijibu swali la nani afanye nini. Ungewapa hili: "Je, maofisa wa uvuvi waendelee kuteketeza nyavu haramu wanazozikamata, au mvuvi apewe kwanza muda na mkopo wa kununua wavu halali?" Hapo hata mtoto wa aliyechomewa nyavu ana pa kusimama. Anaweza kukubali kwamba samaki wanapungua, akakataa namna ya kuwaokoa. Anaweza pia kutetea uteketezaji bila kumwita baba yake mwizi.

Na swali la namna hiyo lina nyama. Wanafunzi watakuta Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, zinazokataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25, ili samaki apate kuzaa kabla hajavuliwa. Watajifunza kwa nini kokoro linachukiwa: linakokota kila kitu hadi ufukweni, na maji ya kando ndiyo sato wanamozalia na vifaranga wanamokulia. Watajifunza kwamba timba likipotelea majini haliachi kuvua. Linaendelea kunasa samaki wasio na wa kuwala. Halafu wakichimba zaidi watakutana na jambo linalovuruga hesabu za wote: sangara mwenyewe, anayelisha viwanda vyetu, aliletwa na watu ziwani humu kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zilikuwa zimetoweka au kubaki chache mno. Mwanafunzi aliyefika hapo hasemi tena "tulirudishe ziwa lilivyokuwa" kabla ya kujiuliza, lilivyokuwa lini?

Ila kuna maswali ambayo sitayaweka mbele ya darasa kama mada yenye pande mbili. Kanda ya Ziwa inajua maumivu ya mauaji ya watu wenye ualbino na ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu. Watu waligawanyika, ndiyo, wapo hata waliowaficha wauaji. Hilo halilifanyi kuwa suala la kuunga mkono na kupinga. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Kipimo changu ni hiki: ikiwa upande mmoja wa mada unamtaka mwanafunzi fulani darasani athibitishe kwamba naye ni mtu, mada hiyo ifutwe. Unaweza kuuliza shule au serikali ya kijiji ifanye nini zaidi kuwalinda. Uhai wao usiutie kwenye mizani.

Siasa za vyama na ubora wa dini hii dhidi ya ile nazo ziache nje. Humo hakuna wa kushawishiwa kwa insha ya kurasa tatu. Viboko ni mada nzuri sana. Kanuni zetu za mwaka 2002 zinaviruhusu kwa masharti, visizidi vinne, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule. Ng'ambo ya ziwa hilihili, Kenya iliviondoa shuleni mwaka 2001. Lakini mwanafunzi hawezi kusema ukweli wake mbele ya mwalimu ambaye ana fimbo mezani, kwa hiyo kabla ya kuitoa mada hiyo ongea na wenzako ofisini. Umri wa ndoa nao unafaa, hasa kuwafundisha kusoma kabla ya kusema. Wengi watakuja na "sheria inaruhusu" au "sheria imekataza" kwa kusikia tu. Waambie waifuate Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe, iliyoweka miaka 15 kwa msichana mwenye ridhaa ya mzazi, kisha hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, na ya Mahakama ya Rufani ya 2019 iliyokubaliana nayo kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Baada ya hapo wana cha kujadili.

Kabla ya kugawa makundi, mpe kila mmoja kikaratasi. Aandike mada ambayo ingemgusa nyumbani kwao, au aache wazi. Unavisoma peke yako na kuvichana. Ningekuwa nimefanya hivyo miaka niliyokuwa darasani, binti mmoja asingesikiliza dakika 40 wenzake wakibishana kuhusu jambo lililokuwa linaendelea kwao wiki ileile. Niligundua baadaye sana, na bado linaniuma. Kikaratasi hakikuzuii kutoa mada. Kinakusaidia kujua nani umwite pembeni siku mbili kabla, umwambie kinachokuja, umwachie achague kundi lake.

Sasa nije kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo miradi mingi ya kushawishi inaposhindwa. Tunawafundisha kujenga hoja, tunasahau kuwafundisha kusikia. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na kijana wa miaka 16 huivuta hadi inachanika. Dawa ninayoiamini, na nimeiona ikifanya kazi kwa walimu tarajali na kwa wanafunzi wao, ni kurudisha hoja. Kabla kundi halijaandika hata mstari mmoja wa msimamo wake, linaandika aya moja ya msimamo wa wapinzani, kwa nguvu zote, kana kwamba ni wake. Linawasomea wapinzani. Wapinzani wana jibu moja kati ya mawili: "Ndiyo, hicho ndicho tunachosema," au "Hapana, rudieni." Wakisema hapana, kundi linarudi kuandika. Nimeona kundi likirudishwa mara tatu. Mara ya tatu sauti zao zilikuwa zimebadilika, walikuwa wameanza kuuliza, "Kwani nyie mnaogopa nini hasa?"

Kwa darasa la watu 68, tengeneza makundi 12 ya watano watano au sita sita, na kila mada iwe na makundi mawili yanayopingana. Mada sita zinakutosha. Urudishaji huo unachukua vipindi viwili, usiubane.

Ushahidi ukusanywe kwa daftari na kalamu, kwa kuwa simu hamruhusu. Kila taarifa pembeni yake iandikwe moja ya maneno matatu: nimeona, nimesikia, nimesoma. Hicho tu. Mwanafunzi akifika mwisho na kukuta ukurasa mzima ni "nimesikia", hahitaji mwalimu wa kumwambia kinachokosekana. Waende mwaloni, Kirumba au Igombe au Kayenze, mchana, watatu watatu, kwa barua ya shule na ruhusa ya wazazi, na waanzie kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, ili wasidhaniwe wapelelezi. Wasiulize, "Je, wewe ni mvuvi haramu?" Waulize, "Wavu huu ulinunua kwa bei gani, unadumu miezi mingapi, na ukinyang'anywa unaanzia wapi?" Mwingine azungumze na mama anayeanika dagaa, maana bei ya samaki yeye anaijua kuliko mwenye mtumbwi. Maktaba ya mkoa ipo mjini, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Mwanza. Barua yenye muhuri wa shule na maswali matano yaliyoandikwa vizuri inapokelewa kuliko darasa zima kujitokeza mlangoni.

Kisha waulize wanamshawishi nani. Insha nyingi za wanafunzi zinamshawishi mwalimu, na mwalimu alishakubali zamani. Kila kundi lichague msikilizaji mmoja asiyekubaliana nalo: mvuvi wa Kayenze, mwenyekiti wa BMU, ofisa uvuvi wa wilaya, mama muuza samaki. Chukua sentensi iliyosomwa darasani kwako: "Wavuvi haramu ni wezi wa vizazi vijavyo." Mvuvi akiisikia anaondoka. Sasa mpe mwanafunzi yuleyule, mwenye msimamo uleule, msikilizaji mwenye sura, atakuandikia kitu kama hiki: "Baba, najua timba hurudi na samaki usiku ambao nyavu nyingine hurudi tupu, na nyumbani kuna ada. Lakini sangara wa sentimita 30 unayemuuza leo kwa bei ya kutupa hajazaa hata mara moja. Naomba tuongee jinsi ya kuufikia wavu halali kabla hawajaja kuuchoma huu." Msimamo haujalegea hata kidogo. Kilichoongezeka ni kwamba mtu anayeambiwa yumo ndani ya sentensi.

Kuhusu alama, mimi hugawa 40 hivi: 10 kwa kueleza hoja ya upande wa pili kwa haki, 12 kwa ushahidi na kuonyesha ulikotoka, 10 kwa mantiki na jinsi anavyozungumza na msikilizaji aliyemchagua, 8 kwa lugha. Msimamo hauna alama. Waonyeshe mgawanyo huo siku ya kwanza. Insha ziandikwe namba, si majina. Na kabla ya kurudisha, chukua insha mbili zenye misimamo inayopingana, moja unayokubaliana nayo na moja inayokukera, uzisome kwa kufuatana na kujiuliza kama kosa ulilolikata kwenye moja ulilisamehe kwenye nyingine. Mara nyingi nimejikuta nimelisamehe. Hapo hurekebisha alama, na wewe rekebisha.

Msimamo wako usiutoe mradi ukiendelea. Wanafunzi wetu wamelelewa kuheshimu mwalimu. Ukitamka tu, nusu ya darasa itahamia kwako bila kushawishiwa na chochote. Ukiulizwa, sema: "Nitawajibu siku nitakayorudisha insha." Na siku hiyo jibu kweli, pamoja na sababu zako na mahali unapoona mashaka. Mwalimu anayekwepa milele anawafundisha kwamba mtu mzima mwenye busara hana msimamo, na hilo si kweli. Kwenye lile la watu wenye ualbino usisubiri siku yoyote. Sema pale pale.

Kwa mkuu wa shule nenda na karatasi moja: maswali sita yalivyoandikwa upya, utaratibu wa ruhusa za wazazi, na mgawanyo wa alama. Wakuu wengi wanachoogopa ni mzazi mlangoni, na wana haki ya kuogopa. Mwonyeshe umeliona hilo kabla yake.

Amebaki yule mzazi. Mfuate nyumbani au mwaloni, bila kijana wake, saa ambayo hajachoka. Mwombe radhi kwa neno "wezi", kwa sababu lilitamkwa katika darasa lako. Usimweleze sheria; anaijua. Kisha mwulize kama angekubali wanafunzi wawili, si mwanawe, wamsikilize akieleza siku ile nyavu zilipochomwa: zilikuwa za nani, zilinunuliwa kwa mkopo gani, mwezi uliofuata walikula nini. Akikataa, mshukuru uondoke. Akikubali, yaandikwe maneno yake kama alivyoyasema, na kundi linalotetea uteketezaji ndilo liende kumsikiliza.