Kwa nini dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa kabla ya kuvuka bahari

SWALI: Mwalimu wa historia wa shule ya sekondari wilayani Kyela anaandika: "Ninapofundisha biashara ya Bahari ya Hindi, wanafunzi huniuliza kwa nini majahazi ya Uarabuni na India hayakwenda moja kwa moja Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, kuchukua dhahabu, bali yaliishia Kilwa na kuwaachia watu wa Kilwa faida ya katikati. Vitabu tulivyo navyo hutaja pepo za msimu na kuishia hapo. Je, upepo unawezaje kuamua mji upi utajirike?"

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Kwa kifupi, jahazi lililotoka Gujarat, magharibi mwa India, au Hormuz, kwenye Ghuba ya Uajemi, liliweza kufika Kilwa na kurudi kwao ndani ya mwaka mmoja, lakini likiendelea hadi Sofala, mwaka huo ulikuwa umepotea. Upepo uliweka mpaka wa safari. Lakini ni nani angefaidi mpakani hapo lilikuwa suala la siasa, nami nitalirudia.

Tuanze na upepo wenyewe. Katika miezi ya Desemba hadi Machi bara la Asia huwa limepoa, hewa nzito iliyo juu yake husukumwa kuelekea baharini, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia upepo huo hutufikia ukitoka kaskazini-mashariki. Hiyo ndiyo kaskazi. Kuanzia Aprili bara hilo hupata joto, hewa yake hupanda, na upepo hugeuka: kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki katika pwani yetu, kisha ikivuka ikweta hupinda kulia na kuelekea India kutoka kusini-magharibi. Wanafunzi wa Kyela hawana haja ya kuiona bahari ili kuelewa jambo hili, kwa maana mvua zinazoanza Novemba katika nyanda za juu huja kaskazi inapoingia, na upepo wa katikati ya mwaka unaochafua maji ya Ziwa Nyasa huko Matema, pamoja na baridi ya Juni na Julai kule Kitulo, ni vya majira yaleyale ya kusi.

Nahodha wa Gujarat, basi, aling'oa nanga karibu na Desemba au Januari, akashuka na kaskazi akipitia pwani ya Wasomali, Malindi na Mombasa. Sasa angalieni ramani. Kaskazi ina nguvu ya kutegemewa hadi maeneo ya Zanzibar na Kilwa. Ukishapita Rasi Delgado, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji, hulegea na kutotabirika. Kutoka Kilwa hadi Sofala ni zaidi ya kilomita 1,200. Nahodha aliyejitosa kusini mwezi Februari au Machi angefika Sofala upepo ukiwa tayari unageuka, na angehitaji muda wa kuuza nguo na shanga zake, kusubiri dhahabu kutoka uwanda wa Zimbabwe, kisha kurudi mwendo wote huo kabla ya kuanza safari ya kuvuka bahari.

Tena haikutosha kurudi Kilwa wakati wowote wa kusi. Mwezi Juni na Julai kusi huwa kali mno, na bandari za magharibi mwa India zilikuwa hatari kuingilika. Nahodha alikuwa na nafasi mbili tu: kuondoka mapema, Aprili au mwanzoni mwa Mei, au kungoja kusi itulie, karibu na Agosti na Septemba, majira ambayo watu wa pwani huyaita demani. Aliyezikosa zote alikaa hadi mwaka uliofuata, akilisha mabaharia wake bila kuingiza chochote, na mwenye mali aliyekuwa akimsubiri Cambay, bandari ya Gujarat, hakufurahia.

Vasco da Gama, nahodha wa Kireno, alilipa gharama ya kutozingatia kalenda hiyo, na kisa chake ninakipenda kuliko mifano mingine kwa sababu tarehe zake zimeandikwa. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mtawala wa mji huo, akafika karibu na Calicut, bandari ya kusini-magharibi mwa India, tarehe 20 Mei. Safari ya kurudi ilikuwa kinyume kabisa. Aliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti na kuiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijashika, akatumia takribani miezi mitatu katika bahari aliyoivuka kwanza kwa chini ya mwezi mmoja. Mabaharia wake wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, naye baada ya kufika Malindi Januari 1499 aliichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. (Vitabu vingi humtaja Ahmad ibn Majid, baharia maarufu wa Kiarabu, kuwa ndiye rubani wa Malindi. Tafadhali msilifundishe hilo kama jambo la hakika: waandishi wa Kireno wa karne ya 16 humwita rubani huyo Mgujarati, ilhali Ibn Majid alikuwa mtu wa Julfar, Uarabuni.)

Kipande cha Kilwa hadi Sofala kilibaki kwa vyombo vya wenyeji, ikiwemo mitepe, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari na kubeba matanga ya mkeka. Vyombo hivyo havikufungwa na ratiba ya kuvuka bahari. Viliweza kungoja, kutumia pepo za nchi kavu za asubuhi, na kurudi na dhahabu na pembe za ndovu zikae ghalani Kilwa hadi wageni wafike. Hapo ndipo faida ya katikati ilipopatikana, na ndiyo iliyojenga kasri la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, aliutembelea mji huo mwaka 1331, kisha akapanda chombo kwenda Dhofar, kusini mwa Uarabuni, safari ambayo kusi ndiyo iliyoiwezesha.

Hata hivyo, nisingependa wanafunzi waandike katika mtihani kwamba upepo ulikuwa sababu pekee. Simulizi za Kilwa zinasema kwamba watu wa Mogadishu ndio waliotangulia kushika biashara ya Sofala, na Kilwa iliwapokonya baadaye. Upepo haukubadilika kati ya vipindi hivyo viwili. Kilichobadilika ni nani alikuwa na vyombo, mawakala Sofala na nguvu ya kutoza ushuru. Na kwa mji wenye hayo yote, kukaa Kilwa kulikuwa na faida kubwa kuliko kukaa Mogadishu, kwa kuwa kuko karibu zaidi na dhahabu na bado kuko ndani ya mwisho wa kaskazi.

Wareno waliuvunja mpango huo kwa sababu walitokea upande mwingine. Wakipita Rasi ya Tumaini Jema waliikuta Sofala kabla ya Kilwa, na mwaka 1505 walijenga ngome Sofala na kuiteka Kilwa. Lakini hata wao hawakuishinda kalenda: merikebu zao za India ziliondoka Lisbon karibu na Machi au Aprili ili ziikute kusi upande wetu, na zilirudi kutoka India karibu na Desemba na Januari.

Kwa somo lako, napendekeza wanafunzi wachore ramani mbili badala ya moja, ya Januari na ya Agosti, kila moja na mishale ya upepo wake, kisha wakadirie wenyewe ni bandari ipi jahazi la Gujarat lingeweza kufikia na kurudi kabla ya mwaka kwisha.