Maswali yenu: Chuo kikuu Katoliki ni kipi hasa?

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechaguliwa kujiunga na chuo kikuu Katoliki. Ukiacha kanisa dogo na misalaba ukutani, kina tofauti gani na vyuo vingine?
*Mwanafunzi mtarajiwa*

Milele amina, mwanangu, na hongera. Swali lako Papa Yohane Paulo II alilijibu mwaka 1990 katika katiba ya kitume, yaani waraka rasmi wa Papa wenye nguvu ya sheria, *Ex Corde Ecclesiae*, maana yake "Kutoka Moyoni mwa Kanisa". Alitaja alama nne. Jumuiya nzima ya chuo, wala si mtu mmoja mmoja tu, iongozwe na roho ya Kikristo. Chuo kiyatafakari maarifa ya binadamu katika mwanga wa imani. Kiwe kiaminifu kwa ujumbe wa Kristo kama Kanisa linavyoufundisha. Na kijitoe kulitumikia taifa la Mungu na familia nzima ya binadamu.

Ukitaka kuziona alama hizo zikifanya kazi, ingia chumba cha mazoezi ya uuguzi. Mwanafunzi anamwosha mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni sanamu ya plastiki. Maji yana uvuguvugu unaotakiwa, hatua zote amezifuata. Mwalimu anamsimamisha: "Umemwambia unachotaka kumfanyia? Mbona umemwacha wazi?" Mwanafunzi anavuta shuka, anaifunika sanamu, anaisemesha, ndipo anaendelea. Mwalimu mwema wa chuo chochote atauliza hivyo. Chuo Katoliki, kwa kuwa kinaamini mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kinawajibika kuuliza hivyo hata katika uhasibu na sheria. Kisipouliza, misalaba yake haitoshi.

Je, ni lazima mkuu wa chuo awe padre?
*Katekista*

Hapana. Katiba hiyo inakubali hata walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, waanzishe chuo kikuu Katoliki. Ila jina "Katoliki" hawawezi kulitumia bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa, kama inavyosema pia kanuni ya 808 ya Sheria za Kanisa.

Nafundisha biolojia, na mageuzi ya viumbe ni sehemu ya somo langu. Nikiajiriwa huko nitafungwa mdomo?
*Mhadhiri*

Hupaswi kufungwa mdomo, ndugu yangu. Mwaka 1950 Papa Pio XII aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu ulitokana na mageuzi, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Nayo *Ex Corde Ecclesiae* inatambua uhuru wa taaluma: kila fani ina kanuni na mbinu zake, mradi haki za mtu na manufaa ya wote vilindwe.

Mfano ninaoupenda ni wa Georges Lemaître, padre aliyefundisha Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akatoa wazo kwamba ulianza na "atomu ya mwanzo". Mwaka 1951 Pio XII alipoizungumzia nadharia hiyo kana kwamba inathibitisha uumbaji, Lemaître hakufurahi. Alikuwa mtu wa sala, lakini hakutaka hesabu zake zibebeshwe kazi ya katekisimu.

Tusifiche kwamba Kanisa limewahi kukosea vibaya hapa. Galileo, mwanasayansi aliyetetea kwamba dunia hulizunguka jua, alihukumiwa na Kanisa mwaka 1633. Ilipofika mwaka 1992 ndipo Yohane Paulo II alipokiri hadharani kosa la wanateolojia wa wakati ule.

Ugumu wa kweli uko kwenye teolojia. Kanuni ya 812 inawataka walimu wa fani hiyo wawe na idhini ya mamlaka ya Kanisa. Kwangu ni haki, kwa sababu anayefundisha imani ya Kanisa anabeba neno ambalo si lake peke yake. Lakini mwalimu akilalamikiwa, aandikiwe hoja zenyewe na apewe nafasi ya kujibu. Kumwondoa kimyakimya ni dhuluma, hata kukifanywa kwa jina la utii.

Assalamu alaykum. Sisi ni Waislamu. Binti yangu atalazimishwa kubadili dini?
*Mama wa wasichana wawili*

Wa alaykum salaam, mama. Asilazimishwe. Katiba niliyoitaja inataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Naye ataombwa kuheshimu tabia ya chuo, na huenda akakuta somo la maadili ambalo ni la lazima kwa wote. Kabla ya kulipa ada, ulizeni kuhusu mavazi na nafasi ya kuswali, na mjibiwe kwa maandishi.

Nasomea uhandisi. Falsafa na maadili vya nini?
*Mwaka wa pili*

Siku moja utaombwa utie saini kwamba daraja liko salama, na aliyekulipa atakuwa na haraka. Fomula zitakuambia uzito, hazitakuambia ukatae. John Henry Newman, padre Mwingereza aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, alifundisha Dublin, Ireland, mwaka 1852 kwamba maarifa ni kitu kimoja, na fani moja ikiondolewa, nyingine huvamia nafasi yake na kusema yasiyo ya kwake.

Kanisa linahubiri kuwajali maskini, lakini ada zake hatuziwezi. Mwanangu amebakiza muhula mmoja.
*Mzazi*

Mzee wangu, lalamiko hili linaniuma, na ni la haki. Katiba ile ile inasema chuo kitafute njia za kuwafikishia elimu wote wanaoweza kunufaika nayo, hasa maskini. Najua mishahara ya wahadhiri na wafagizi lazima ilipwe, tena kwa haki. Ndiyo maana nataka kila chuo kibandike hadharani vigezo vya ufadhili na majina ya ofisi zinazoamua, badala ya mzazi kutafuta padre wa kumsemea. Mwandikieni makamu mkuu wa chuo, nakala kwa mlezi wa kiroho wa wanafunzi na kwa askofu. Ambatisheni matokeo ya kijana, semeni mnaweza kulipa kiasi gani na lini, na muifikishe barua hiyo kabla orodha ya watahiniwa haijafungwa.