Robert de Sorbon hakuanzisha Chuo Kikuu cha Paris

Mdogo wangu, nimekuelewa: uliandika kwamba Robert de Sorbon, padri wa Ufaransa wa karne ya 13, alianzisha Chuo Kikuu cha Paris, mwalimu akakukata alama, na huoni kosa liko wapi. Hata mimi niliwahi kunaswa hapo hapo.

Chuo kikuu kilikuwepo kabla yake. Kanuni zake za 1215 zilitolewa na Robert mwingine, de Courçon, mjumbe wa Papa, kwa hiyo angalia usiwachanganye. Sorbon alianzisha kolegi ndani ya chuo hicho, ile ya Sorbonne, mahali pa kulala, kula na kusoma kwa wanafunzi maskini wa teolojia. Andika 1257, mwaka wa hati ya Mfalme Louis wa Tisa. Ukikuta 1253 kwingine, usizichanganye tarehe mbili katika aya moja. Muulize msimamizi wako anataka ipi.

Halafu utangulizi wako ni mkavu. Weka kisa cha Joinville, mkabaila aliyeandika maisha ya Mfalme Louis. Sorbon, mtoto wa wakulima, alimsuta Joinville mbele ya mfalme kwa kuvaa kifahari. Joinville akashika pindo la joho la Sorbon na la mfalme, akayalinganisha: la padri ndilo lilikuwa la kitambaa bora! Ukianza na hapo, msomaji hasinzii.

Mambo ya Kardinali Richelieu, aliyeijenga upya kolegi hiyo, yapunguze, hayo ni ya karne ya 17. Ila usiache maktaba ya kolegi: orodha ya 1290 ilikuwa na vitabu zaidi ya 1,000, na baadhi vilifungwa kwa minyororo visiibiwe.