Ukiongeza jioni, asubuhi nayo inabadilika

Ndugu, Python, lugha ya kuandikia programu, haijakosea. Umesema una orodha ya vituo, `asubuhi = ["Ngara", "Pangani", "Muthaiga"]`, ukaandika `jioni = asubuhi`, kisha ukaongeza Roysambu kwenye jioni na kuikuta hata asubuhi. Alama ya `=` hainakili chochote; imebandika tu jina la pili kwenye orodha ileile. Jaribu `jioni is asubuhi`, yaani uulize kama ni kitu kimoja, utajibiwa `True` (kweli).

Kwa orodha ya majina matupu, `jioni = asubuhi.copy()` inatosha. Wengine huandika `asubuhi[:]`. Ni sawa, ila ile ya kwanza inamwonyesha msomaji nia yako bila kumkunisha kichwa.

Shida itakuja ukiweka nauli, kama ulivyosema unapanga. Ukiwa na `[["Ngara", 50], ["Pangani", 70]]`, `copy()` inakupa orodha mpya ya nje tu. Zile za ndani bado ni za pamoja. Andika `jioni[0][1] = 80` na nauli ya asubuhi nayo imepanda (makanga watafurahi, abiria hapana). Hapo unahitaji `deepcopy` kutoka moduli ya `copy`, inayonakili hata orodha za ndani. Ukiniuliza mimi, ningeweka kila jozi kwa mabano ya duara, `("Ngara", 50)`. Jozi hiyo haibadiliki, kwa hivyo orodha mbili zikiitumia pamoja hakuna ubaya. Nauli ikipanda, unaweka jozi mpya mahali pake.

Lakini usinakili ovyo. Funksheni (kipande cha programu unachokiita kwa jina) inayosoma vituo tu bila kuvibadilisha, ipe orodha ileile.