Tuache kuhudumia Python 3.8? Maoni yangu

Ndugu uliyeuliza iwapo maktaba yako ya kusoma orodha za mizigo (yaani msimbo ambao programu nyingine huutumia) iache kuhudumia toleo la 3.8 la Python, lugha ya kuandikia programu, mimi hutunza programu za ofisi za mawakala wa forodha hapa Mombasa, na jibu langu ni kwamba iache, ila kwa utaratibu.

Waundaji wa Python hulihudumia kila toleo kwa miaka 5, na toleo jipya hutoka kila Oktoba. Toleo la 3.8 lilitoka Oktoba 2019 na muda wake ukaisha Oktoba 2024, la 3.9 likafuata mwaka 2025. Kasoro ya usalama ikigunduliwa leo katika matoleo hayo, wao hawatoi tena marekebisho, na sioni haki ya kumtia moyo mtu abaki humo huku akishughulikia hati za wateja.

Hata hivyo, kalenda peke yake haitoshi. Waulize watumiaji wako seva zao zina mfumo gani, kwa sababu wengi hutumia Python waliyoikuta humo: mfumo wa Ubuntu 20.04 huja na Python 3.8, 22.04 huja na 3.10, na 24.04 huja na 3.12. Ofisi moja ya Kilindini ninayoihudumia ilibaki na 20.04 muda mrefu, wala si kwa uzembe. Meli zinapofuatana bandarini, hakuna anayethubutu kuzima seva inayochapisha hati za kutolea makontena.

Watu kama hao hulindwa na mstari mmoja katika pyproject.toml, faili ya maelezo ya maktaba yako: requires-python = ">=3.10", yaani inahitaji Python 3.10 au mpya zaidi. Pip, programu inayosakinisha maktaba za Python, ikikuta kompyuta yenye 3.8, italiruka toleo lako jipya na kusakinisha la mwisho lililoikubali 3.8. Usipouandika, italeta jipya, na programu itakatika pale penye match, amri ya Python ambayo imeanza katika 3.10. Tafadhali usiweke kikomo cha juu, kwa maana mwenye Python mpya kuliko kikomo hicho atarudishwa kimyakimya kwenye toleo lako la zamani ambalo halikuwa nacho.

Badala ya kikomo, endesha majaribio yako kwenye kila Python mpya ingali beta, yaani kabla haijatolewa rasmi. Toleo la 3.12 liliondoa distutils, sehemu ya Python iliyotumika kufungasha na kusakinisha maktaba, na maktaba nyingi zilizoitegemea zilikwama siku ileile, ilhali onyo lilikuwa likitolewa tangu 3.10.