Jiko la Kuchemshia Utomvu wa Mepo: Kosa Langu Lilikuwa Bomba la Moshi

Mwaka wa kwanza nilichemsha utomvu wa mepo (maple), mti ambao utomvu wake hupikwa hadi uwe shira, uani, juu ya mafiga, kwa sufuria ndefu ya kuchemshia kambakoche. Lita 40. Niliinjika saa moja asubuhi, nikaepua saa mbili usiku, na nilichopata ni chupa moja isiyofika lita, yenye ladha ya moshi kama mursik, yale maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Mke wangu alionja kijiko kimoja, akaniuliza kama dukani shira imeisha.

Tunakaa nje kidogo ya Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, na kwenye kiwanja chetu kuna miti 14 ya mepo. Utomvu hutoka kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mapema Aprili, siku ambazo usiku unagandisha na mchana unayeyusha. Kuugema ni kazi ndogo: tundu la milimita 8, kina cha sentimita 4 hivi, liinamie nje kidogo, chomeka mrija, tundika ndoo. Ukiutazama ni maji tu, maana sukari yake ni kama asilimia 2. Wenyeji wana hesabu yao: gawa 86 kwa asilimia ya sukari. Hapo unapata 43, yaani lita 43 za utomvu kwa lita moja ya shira. Lita 42 zote lazima ziondoke kwa mvuke.

Cha kuaibisha ni kwamba mimi ni mtu wa Mumias, kwenye miwa ya magharibi mwa Kenya. Nimekua nikipita kando ya matanuri ya sukari nguru: makarai mapana yamepangwa mstari juu ya handaki la moto, makapi ya miwa yanasukumwa mdomoni, moshi unatokea mwisho kabisa. Sijawahi kumwona mtu akipika sukari nguru kwenye sufuria ndefu. Mvuke hutokea juu, kwenye uso wa maji, kwa hiyo chombo kikiwa kipana na maji yakiwa machache, ndivyo kazi inavyokwenda. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, nikalisahau nilipovuka bahari.

Jiko la sasa ni la bloku za saruji, zile za sentimita 20 kwa 40. Kila upande una bloku 3 kwa urefu na safu 3 kwenda juu, zimepangwa tu bila kujengewa. Juu yake zimekaa trei 3 za chuma kisichoshika kutu, zile za kuwekea chakula cha bufee hotelini, kina cha sentimita 10. Trei ina urefu wa sentimita 53, kwa hiyo nafasi ya ndani niliiacha 48, midomo ya trei ikakaa vizuri ukutani. Usishawishike na chombo cha bei rahisi kilichopakwa zinki, wala kilichochomelewa kwa madini ya risasi. Shira ni chakula.

Bloku peke yake hazivumilii moto. Zangu zilikuwa zimelala kwenye theluji miezi 3, zimekunywa maji, na siku ya kwanza nilipowasha moja ilipasuka kwa mlio uliomtoa jirani nje na tochi. Sasa kikasha cha moto nimekitandika ndani kwa matofali ya kuhimili moto, na kila msimu naanza na moto mdogo wa kuzikausha.

Halafu bomba la moshi, lililonipotezea mwaka wa pili wote. Nilikuwa nimeweka bomba la sentimita 90, nikaona linatosha. Moshi ukawa unatokea mdomoni mwa jiko, moto mwekundu, mvivu, na trei zinatoa mapovu machache pembeni. Nikaongeza kuni. Moshi ukazidi. Jirani yuleyule, mzee ambaye amefanya kazi hii miaka mingi, alikuja akaweka kiganja chake mbele ya mdomo wa jiko, akasema, "Halivuti." Kanuni yake ni kwamba bomba liwe refu mara mbili ya jiko. Jiko langu lina sentimita 120, kwa hiyo mita 2.4. Nilinunua vipande vyenye kipenyo cha sentimita 15, na nilipounganisha cha mwisho sauti ya moto ikabadilika palepale. Ukaanza kunguruma.

Nusu nyingine ya dawa niliiona Jumapili ya nne ya Machi, siku ambayo wazalishaji wa Maine hufungulia watu vibanda vyao vya kuchemshia. Watu walikuwa wanapanga foleni ya aiskrimu yenye shira, mimi nimechuchumaa nachungulia chini ya matrei ya wenyewe. Moto hukaa mbele tu. Nyuma yake sakafu inapanda, ili miali ibanwe karibu na trei. Nikarudi nikajaza mchanga nyuma ya kikasha, ukapanda mpaka ukabaki uwazi wa sentimita 5 chini ya trei mbili za nyuma. Miali iliyokuwa inajipitia huko chini sasa inalamba vitako vya trei kabla haijatoka. Vyuma vya kuinulia kuni usisahau; hewa lazima ipite chini ya moto. Siku hizi nafukuza kama lita 15 kwa saa. Sufuria ilikuwa inafukuza 3.

Kuni ziwe kavu hasa, zipasuliwe unene wa kifundo cha mkono, na uongeze chache kila dakika 7 au 8. Utomvu ukae kina cha sentimita 4 au 5. Ukimwaga ndoo nzima ya baridi kwa mkupuo, mchemko unakufa, kwa hiyo nimetundika debe lenye tundu la msumari juu ya trei ya nyuma, linadondosha utomvu lenyewe. Povu likipanda, chembe ya siagi hulituliza.

Na usiondoke. Mwaka jana Mama alipiga simu saa nane mchana, kwake saa tatu usiku, na simu ya mama haikatwi. Tulipofika kwenye habari za shamba nikasikia harufu ya karameli, kisha ya makaa. Ile trei hadi leo ina mawimbi chini.

Zikibaki lita 2 au 3 namalizia ndani kwenye jiko la gesi. Shira imeiva ikipita kiwango cha mchemko wa maji kwa nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Pima mchemko wa maji siku hiyohiyo, maana hubadilika na hali ya hewa. Chuja ingali moto kwa kitambaa kizito cha sufu, utoe chembe za madini ya utomvu zinazoganda kama mchanga, ujaze chupa ikiwa kwenye nyuzi 85.

Machipukizi yakianza kuvimba, utomvu huharibika ladha. Hapo nachomoa mirija, tundu naliacha, mti utalifunga wenyewe. Bloku nazipanga nyuma ya banda, juu ya mbao, chini ya turubai.